Saa Moja: gemu ya zamani na kilichoiokoa

Kompyuta ya kituo chetu cha vijana hapa Nyarugusu ilikufa mwaka jana, wakati wa mvua. Jioni tuliizima kama kawaida. Asubuhi tukaiwasha, skrini ikabaki nyeusi, na ndani tukasikia tk, tk, tk kama saa ya ukutani. Tukamwita papa mmoja, fundi wa redio. Akaifungua, akatega sikio, akasema: "Mtoto wangu, mwili ni mzima. Kilichokufa ni kichwa." Yaani diski, pale vitu vyote vinapohifadhiwa.

Ndani ya hicho kichwa kulikuwa na vitu viwili ambavyo vijana walivipenda kuliko vyote. Cha kwanza ni gemu moja ya zamani ambayo wao wanaiita Saa Moja. Cha pili ni video za maigizo yao wenyewe, maigizo matatu tuliyoyarekodi kwa muda wa miaka miwili.

Wiki tatu baadaye tukapata kompyuta nyingine, ya mtumba. Kabla hata sijaifuta vumbi, mvulana mmoja wa miaka 13 akachomoa flashi mfukoni. "Kaka, niko nayo Saa Moja." Dakika tano tu, gemu imerudi. Mwenzake naye alikuwa nayo. Kumbe zone nzima kulikuwa na flashi kama sita zenye ile gemu! Maigizo hayakuwa kwenye flashi hata moja. Nilikuwa nimeyafungia kwa neno la siri, mimi mwenyewe, kwa sababu niliogopa yasije yakatawanyika kabla hatujayamaliza vizuri.

Msichana aliyeigiza mama aliyepoteza kadi ya mgao akaniuliza mbele ya wote: "Kaka, juu ya nini gemu ya watu imerudi, na maigizo yetu hayakurudi?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta historia ya ile gemu, kidogo kidogo kwenye simu, bando likiruhusu. Nilichokikuta ndicho ninachowaandikia hapa. Ni historia ya gemu, lakini msomaji mwenzangu utaona kwamba inatuhusu.

Jina la kweli la Saa Moja ni Prince of Persia. Kijana amefungwa chini kabisa, kwenye gereza la jumba la mfalme. Juu, waziri mbaya anayeitwa Jaffar amemfungia binti mfalme na kumpa saa moja aamue: aolewe naye au afe. Basi mchezaji ana dakika 60 za kutoka gerezani, kuruka mashimo, kukwepa misumari inayochomoza sakafuni, kupigana kwa upanga na kufika juu. Dakika zikiisha, yameisha. Ndiyo maana watoto wetu waliipa lile jina.

Aliyeitengeneza ni Mmarekani anaitwa Jordan Mechner. Aliianza mwaka 1985, akiwa kijana aliyetoka tu chuo kikuu, na ikatoka mwaka 1989. Karibu kila kitu alikifanya mwenyewe. Ili yule kijana wa kwenye gemu akimbie kama mtu wa kweli, Mechner alimchukua mdogo wake, akamvalisha nguo nyeupe, akampiga video akikimbia, akiruka, akining'inia ukutani. Halafu akayachora yale mapicha moja moja kwenye kompyuta. Muziki aliutunga baba yake, Francis Mechner. Kwa hiyo unapoona wale watoto wetu wanashangilia yule kijana akiruka shimo, wanamshangilia mdogo mtu, kwa muziki wa baba mtu. Ilikuwa kazi ya familia.

Sasa sikiliza tatizo. Gemu iliandikwa kwa ajili ya kompyuta inayoitwa Apple II, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1977. Mechner alipomaliza mwaka 1989, hiyo mashine ilikuwa inazeeka. Watu walikuwa wanahamia mashine nyingine. Gemu ikatoka, wakosoaji wakaisifu, lakini wanunuzi wakawa wachache. Miaka minne ya kazi, na duka halina mteja. Kama mambo yangeishia pale, leo hakuna mtoto wa zone yetu ambaye angeijua.

Kilichoiokoa ni kuhamishwa. Mwaka 1990 ikaandikwa upya kwa kompyuta zinazotumia DOS, ndiyo hiyo tuliyo nayo sisi, na mwaka huohuo ikaenda kwenye kompyuta za Japani. Kule Japani na Ulaya watu wakaipenda. Mwaka 1992 ikaingia kwenye Macintosh, na pia kwenye mashine za gemu za Nintendo, zile zinazounganishwa na televisheni. Hapo ndipo ikawa gemu ya dunia. Nyumbani kwake ilikuwa karibu kufa. Ilipata maisha ugenini.

Nikalisoma hilo mara mbili.

Lakini kuhama hakufanyiki bure, na hakumwachi mtu alivyokuwa. Zile gemu zilizohamishwa hazikufanana. Ile ya Super Nintendo ilipanuliwa: badala ya hatua 12 zikawa 20, na badala ya dakika 60 mchezaji akapewa 120. Picha zikawa nzuri zaidi, rangi nyingi. Kwa hiyo mtoto wa Japani aliyekulia na ile ya Super Nintendo na mtoto wa Marekani aliyekulia na Apple II, wakikutana leo wakaanza kusimuliana, watabishana. Mmoja atasema ni saa moja, mwingine atasema ni mbili. Na wote wanasema kweli. Sisi tunajua habari hiyo. Hadithi ya sungura na fisi aliyoisimulia bibi yangu kule Fizi si ile anayoisimulia jirani yangu aliyetoka Uvira, na wote wawili wanaapa kwamba yao ndiyo yenyewe.

Kwa jinsi nilivyoelewa, gemu ya zamani inarudishwa kwenye mashine mpya kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuihamisha: waandishi wa programu wanachukua maandishi ya gemu, yaani maagizo yale yanayoiambia mashine ifanye nini, na kuyaandika upya kwa lugha ambayo mashine mpya inaielewa. Ndivyo Prince of Persia ilivyohamishwa miaka ile ya 1990.

Njia ya pili ni kuifanya mashine mpya ijifanye ya zamani. Programu ya namna hiyo inaitwa emuleta. Gemu haiguswi. Inaamka, inatazama huku na huku, inadhani bado iko kwenye nyumba yake ya zamani. Hata flashi ya yule mvulana ilikuwa na emuleta, inaitwa DOSBox, bila hiyo kompyuta yetu ya mtumba isingeifungua. Makampuni makubwa nayo yanatumia njia hii. Mwaka 2016 Nintendo walitoa kijimashine kidogo chenye gemu 30 za miaka ya 1980 na 1990 ndani yake, kikauzwa zaidi ya milioni 2 kwa muda wa miezi tu.

Njia ya tatu ni kuijenga upya kabisa: ramani ni ileile, lakini picha na sauti zote mpya. Mwaka 2007 Prince of Persia ilifanyiwa hivyo kwa ajili ya Xbox 360, na mwaka uliofuata ikaenda PlayStation 3. Mashimo yako palepale, misumari palepale, dakika zilezile 60, lakini yule kijana amevaa sura mpya.

Ukiangalia haraka utasema basi hakuna shida, kila kitu cha zamani kinarudi. Hapana. Mwezi Julai 2023, shirika la Marekani linaloitwa Video Game History Foundation lilitoa utafiti: katika gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Katika kila gemu 100, unaweza kununua 13 tu. Zilizobaki zipo kwenye mashine kuukuu, kwa watu wanaokusanya vitu vya zamani, au kwenye kopi zisizo halali.

Kwa nini? Sababu ziko kadhaa, lakini mbili zimenishika.

Sababu ya kwanza: hata wenye mali hawakutunza. Kampuni ya Square ya Japani, ambayo leo ni Square Enix, ilitoa gemu maarufu, Kingdom Hearts, mwaka 2002. Walipotaka kuirudisha kwa picha safi kwenye PlayStation 3, mwaka 2013, wakakuta vifaa vingi vya asili vimepotea. Ikabidi waichambue gemu iliyokuwa imeshauzwa madukani na kutengeneza tena vitu vingi kwa mkono. Kampuni nyingine ya Japani, Konami, ilirudisha gemu mbili za kutisha za Silent Hill mwaka 2012, na waliopewa kazi wakakuta maandishi waliyokabidhiwa hayakuwa yale ya mwisho. Kwa hiyo makosa ambayo yalisharekebishwa zamani wakayarekebisha upya, na mengine yakabaki, wachezaji wakalalamika. Hizi ni kampuni zenye majengo, zenye kabati za chuma na walinzi getini. Mi nilidhani kupoteza vitu ni jambo la watu kama sisi, tunaokimbia usiku na godoro kichwani.

Sababu ya pili: siku hizi gemu ya zamani ikirudishwa, mara nyingi hupewi kitu mkononi. Unapewa ruhusa. Mwaka 2006 Nintendo walifungua duka ndani ya mashine yao ya Wii, na gemu za zamani zikauzwa humo, nyingine kwa dola 5 tu. Tarehe 30 Januari 2019 duka likafungwa. Tarehe 27 Machi 2023 wakafunga kununua kwenye maduka ya mashine zao nyingine mbili, Wii U na 3DS. Aliyekuwa amenunua alibaki na yake kwenye mashine yake. Ambaye alikuwa hajanunua, basi tena. Na mwaka 2020 waliuza mkusanyo wa gemu tatu za Mario kwa tangazo kwamba zitauzwa mpaka tarehe 31 Machi 2021 tu. Tarehe ikafika, zikaondolewa.

Siandiki haya kuwatukana. Mali ni yao, na kutengeneza gemu ni kazi ya watu wanaotaka kula. Nasema tu kwamba kitu kikikaa nyuma ya mlango mmoja, na ufunguo ukawa wa mtu mmoja, siku yeye akifunga kimefungwa kwa wote. Hilo hata mtu asiyejua kitu kuhusu gemu analijua, kama amewahi kupanga mstari kwenye dirisha la ofisi halafu dirisha likafungwa.

Sasa nirudi kwa Mechner, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni ya Ubisoft ilikuwa inatengeneza Prince of Persia mpya, ambayo ilitoka mwaka 2003. Wazo likaja waifiche ile gemu ya zamani ndani ya mpya, kama zawadi kwa mchezaji. Mechner akaanza kuyatafuta maandishi ya asili, yale aliyoyaandika kwa mkono wake kwenye Apple II. Hakuyaona. Akauliza watu aliofanya nao kazi zamani, nao wakapekua maboksi yao. Hakuna. Miaka kumi ikapita, akakata tamaa.

Mwaka 2012 baba yake, yuleyule aliyetunga muziki, alikuwa anafanya usafi nyumbani kwake New York. Akakuta katoni ya vitu vya zamani vya mtoto wake, akaituma. Ndani ya katoni kulikuwa na disketi, na juu ya disketi hizo maandishi ya kalamu yanayosema ni Prince of Persia, ya Apple.

Disketi ya zaidi ya miaka ishirini si kitu cha kuchomeka tu. Inaweza kuwa imeshakufa kimyakimya, au ukafa nayo mkononi ukikosea. Mechner hakujaribu peke yake. Walikuja watu wanaojua, akiwemo Jason Scott wa Internet Archive, na mkusanyaji mmoja wa mashine za Apple II aliyekuja na mashine zake. Mwezi Aprili 2012 wakaisoma, ikasomeka. Na Mechner hakuifungia tena. Aliyaweka yale maandishi yote kwenye intaneti, mtu yeyote ayasome bure. Mwaka 2018 wapenzi wa mashine za zamani kule Uingereza wakayatumia kuihamishia gemu kwenye kompyuta ya BBC Master, mashine ya miaka ya 1980 ambayo haikuwahi kuwa nayo.

Huyo baba mwenye katoni, nilitaka kumjua zaidi. Nikakuta kwamba Jordan Mechner ameandika na kuchora kitabu cha historia ya familia yao, kinaitwa Replay, maana yake kucheza tena. Francis Mechner alizaliwa Vienna, Austria, katika familia ya Wayahudi. Mwaka 1938 Wanazi walipoichukua nchi yao, alikuwa mtoto wa miaka 7. Akakimbia, akapita Ufaransa akihama mahali hadi mahali vita vikimfuata nyuma, akiwa mbali na baba yake, mpaka familia ikakutana tena ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Mkimbizi. Mtoto wa miaka 7, umri wangu mimi nilipovuka ziwa.

Sitasema kwamba aliitunza ile katoni kwa sababu alikuwa mkimbizi. Siwezi kuingia moyoni mwa mzee wa watu. Pengine aliisahau tu nyuma ya makoti. Lakini naijua tabia hiyo. Mama yangu mpaka leo anatunza kwenye mfuko wa plastiki risiti ya karo ya shule ambayo haipo tena. Nikimwambia tuitupe, ananiambia: "Wewe, unajua kesho watakuuliza nini?"

Kwa hiyo jibu la lile swali la yule msichana ni hili, kama nimeelewa vizuri.

Gemu haikurudi kwa sababu ni ya wazungu, wala kwa sababu ni nzuri kuliko maigizo yetu. Ilirudi kwa sababu mbili. Ilihamishwa mapema, kabla nyumba yake ya kwanza haijabomoka. Na ilikuwa mikononi mwa wengi: kampuni, wakusanyaji, baba mwenye katoni, na mvulana wa miaka 13 mwenye flashi shingoni. Mmoja akipoteza, mwingine anayo. Najua kwamba kopi ya kwetu hakuna aliyeilipia, na sijisifu kwa hilo. Lakini nikijiuliza nani ameitunza ile gemu hapa kambini, si mimi mkubwa wa kituo. Ni wao.

Maigizo yetu mimi niliyaweka mahali pamoja, kwenye mashine moja, chini ya neno moja la siri. Niliita hiyo kutunza. Kumbe nilikuwa nimeyajengea kaburi zuri tu, nikangoja diski ife. Wale waliofanya vibaya kama mimi ni makampuni yenye kabati za chuma, lakini hiyo hainifariji. Wao waliweza kulipa watu watengeneze upya. Sisi, yule aliyeigiza mwenyekiti wa zone yuko Marekani sasa na familia yake. Wawili wamerudi Kongo. Aliyepiga ngoma yuko Kanada. Huwezi kuwakusanya tena chini ya ule mwembe uwaambie, haya, tuanze upya.

Nimeomba msamaha kwa kikundi. Msichana yule hakunijibu siku ile. Siku iliyofuata akaja na simu ya mama yake. Kulikuwa na dakika nne za igizo la kadi ya mgao, zilizorekodiwa na mama akiwa amekaa kwenye nyasi. Mkono unatetemeka, kichwa cha mtu kimeziba nusu ya picha, na mtoto analia karibu na simu. Hizo dakika nne sasa ziko kwenye flashi saba, simu za watu nisiowajua idadi, na zimeshatumwa Marekani. Nimefuta neno la siri kwenye kompyuta mpya. Kila tunachorekodi sasa, kabla watu hawajaenda nyumbani, kinatoka na angalau watu watatu.

Ninawaomba basi, ninyi mnaosoma jarida hili, mlioko Nyarugusu na mliohamia kwingine. Kama ulikuwepo siku ile ya mwembe, au siku ya igizo la harusi, au lile la mwalimu mlevi, angalia kwenye simu yako ya zamani, ile iliyopasuka kioo uliyoiacha kwenye droo. Usiitupe. Mpe fundi aiwashe. Hata kama ni dakika moja, hata kama ni sauti tu bila picha, tuma. Ukibaki nayo na wewe, ni vizuri zaidi.